Amri Ilitoka, Vitako Vikabaki Nyumbani

Kutunga sheria ni kazi. Kuitimiza sheria ni kazi kubwa zaidi. Na iliyo ngumu kuliko zote ni kumwambia mtu: Kitu kile ulichokinunua kwa fedha yako dukani, mchana kweupe, leo ni haramu; kilete, au kivunje kwa mkono wako mwenyewe. Jambo hili liliwapata watu wa Marekani kati ya mwaka 2018 na mwaka 2024. Habari yake yafaa isomwe na sisi pia tulio mbali, ambao hata kifaa chenyewe hatujapata kukiona, maana ndani yake mna maswali yanayomhusu kila mwenye nyumba. Sheria hupata wapi nguvu zake? Na mtu akitii peke yake, hali jirani zake wamekataa, je, ni mjinga?

KIFAA CHENYEWE

Bunduki ziko za namna nyingi. Gobore la wazee wetu hushindiliwa baruti na risasi, hulia mara moja, kisha mwindaji huanza kazi upya. Bunduki nyingi za raia wa Marekani hujipakia risasi zenyewe, lakini kila risasi yataka mtu avute kifyatulio mara moja. Namna ya tatu ni bombomu, silaha ya vita: ukikishika kifyatulio bila kukiachia, risasi hutoka mfululizo kama mvua ya mawe.

Tangu mwaka 1934 sheria ya Marekani imezibana bombomu. Mwenye nayo hana budi kuiandikisha. Mwaka 1986 Bunge lao likakaza zaidi, likakataza raia asimiliki bombomu yo yote mpya. Hata leo ni vigumu sana raia wa kawaida kuwa nayo.

Basi, mafundi wakabuni kitu kingine. Kila mwindaji ajua kwamba bunduki ikilia hurudi nyuma na kugonga bega. Mafundi hao wakatengeneza kitako kisichotulia mahali pamoja, bali huiacha bunduki iteleze nyuma na mbele. Mwendo ule wa kwenda na kurudi hukigonganisha kifyatulio na kidole cha mpigaji tena na tena, upesi kuliko mkono wa mtu uwezavyo. Ndivyo bunduki ya kawaida ilivyopata kulia karibu kama bombomu. Wenyewe hukiita bampustoki. Sisi hapa tutakiita kitako cha kuteleza.

Kitako hiki peke yake hakiui mtu. Ni kipande cha plastiki tu. Kiliuzwa madukani kwa dola 180 hivi mpaka dola 425 hivi, wala mnunuzi hakuulizwa habari zake kama aulizwavyo mnunuzi wa bunduki dukani. Hakikuandikwa katika daftari lo lote la serikali. Neno hili tulikumbuke, kwa maana ndilo litakalotuonyesha sababu ya mambo yaliyofuata.

SERIKALI YENYE MANENO MAWILI

Marekani iko idara ya serikali isimamiayo pombe, tumbaku, bunduki na baruti. Mtu akibuni kifaa kipya cha bunduki, huweza kuipelekea idara hiyo ili apate kujua kama sheria yakiruhusu. Bwana mmoja aitwaye Bill Akins alibuni kitako cha namna hii chenye springi ndani yake. Kwanza idara ikasema kwamba kifaa chake si bombomu. Watu wakanunua. Mwaka 2006 idara ikageuza neno, ikasema ni bombomu kwa sababu ya ile springi, ikawaamuru wenye vifaa hivyo waitoe.

Kisha wakaja mafundi wengine na vitako visivyo na springi, na mwaka 2010 idara ikakipitisha kimoja cha namna hiyo. Mpaka mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kutoa majibu kadha wa kadha ya kuruhusu vitako vya namna hii. Watu wakavinunua kwa wingi, wakiwa na hakika kwamba hawavunji sheria. Na kwa kweli hawakuwa wakiivunja.

USIKU WA LAS VEGAS

Jumapili tarehe 1 Oktoba 2017, katika mji wa Las Vegas, jimbo la Nevada, watu wapatao 22,000 walikusanyika uwanjani kusikiliza muziki. Mtu mmoja alikuwa amepanga chumba katika hoteli iliyo karibu, orofa ya 32, akajaza humo bunduki nyingi. Baadhi ya hizo zilikuwa zimefungwa vitako vya kuteleza. Kwa muda wa dakika kumi hivi alimimina uwanjani zaidi ya risasi 1,000, kisha akajiua. Watu 58 walikufa kwa msiba ule. Baadaye wawili wengine wakafariki kwa majeraha yao, hesabu ikawa 60. Zaidi ya 400 walipigwa risasi wakapona, na wengine wengi waliumia katika kukimbia.

Hao walikuwa baba na mama za watu, vijana na wachumba, waliotoka nyumbani wakiwa na furaha. Tukisoma habari za sheria na mahakama, tusiwasahau. Bila wao neno hili lisingalizushwa.

Nchi nzima ikashtuka. Watu ambao tangu zamani walishindana juu ya silaha, safari hii wakasikilizana kidogo: kitako kile kiondolewe. Lakini Bunge halikutunga sheria. Mwezi Februari mwaka 2018 yakatokea mauaji mengine katika shule moja ya Parkland, jimbo la Florida, ambako walikufa watu 17, wengi wao watoto wa shule. Muuaji yule hakutumia kitako cha kuteleza, lakini kilio kilizidi. Rais Donald Trump akaiagiza Wizara ya Sheria itafute njia ya kuvikataza.

AMRI YA SIKU TISINI

Njia iliyopatikana ndiyo hii. Badala ya Bunge kutunga sheria mpya, idara ileile iliyokwisha kuviruhusu vitako ikasema kwamba sasa, chini ya sheria ya zamani, kila bunduki yenye kitako cha kuteleza yahesabiwa kuwa bombomu. Amri ikatangazwa tarehe 26 Desemba 2018. Wenye vitako wakapewa siku tisini, yaani mpaka tarehe 26 Machi 2019. Iliwapasa kuvikabidhi kwa idara, au kuviharibu wenyewe kwa kuviyeyusha, kuvisaga au kuvikata visiweze kuungwa tena. Baada ya siku ile, atakayeonekana nacho aweza kufungwa mpaka miaka kumi na kutozwa faini ya hata dola 250,000.

Fidia? Hakuna. Serikali haikulipa hata senti moja, nao waliokwenda mahakamani kudai hawakufanikiwa.

Idara yenyewe ilikisia kwamba vitako vilivyokuwa mikononi mwa watu vilikuwa kati ya 280,000 na 520,000. Angalieni, wasomaji, ukubwa wa pengo lililo katikati ya hesabu hizo mbili! Serikali haikujua hata kama ilikuwa ikitafuta laki tatu au laki tano.

WALIOLETA NI WANGAPI?

Siku ikafika. Duka moja kubwa la Texas lilitoa vitako 60,000 hivi vikasagwe, wakiwapo maofisa wa serikali. Duka halina pa kujificha. Lina vitabu vya hesabu na jina mlangoni. Lakini kwa watu binafsi mambo yalikuwa mengine. Katika wiki zile za mwanzo, magazeti ya huko yaliandika kwamba vilivyokabidhiwa kwa idara na raia havikufika hata elfu moja. Mapema zaidi jimbo la Massachusetts lilikuwa limetunga katazo lake, na siku ya mwisho ilipopita, vilivyoletwa polisi vilihesabika kwa vidole vya mkono.

Je, vingine vilikwenda wapi? Pengine wako waliovivunja kimya kimya, kama walivyoruhusiwa. Pengine wako waliovifukia, au waliovisukumia nyuma ya kabati na kunyamaza. Hakuna mtu awezaye kusema, maana hakuna daftari. Kwenda nyumba kwa nyumba kupekua hakukuwezekana. Polisi wa huko hawana ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mtu bila hati ya mahakama, na hati haipatikani kwa kukisia tu.

Basi, twaweza kuzitaja sababu za ugumu ule. Ya kwanza, kitu chenyewe hakikuandikwa po pote. Ya pili, mwenye nacho alipewa hasara bila malipo. Ya tatu, serikali ileile iliyosema jana ni halali, leo ilisema ni haramu, hali maandiko ya sheria hayakubadilika hata neno. Ya nne, wenye bunduki wengi waliamini kwamba leo ni kitako, kesho itakuwa bunduki nzima. Palipo na shaka namna hii, amri hupita juu kama upepo juu ya paa.

MZEE CARGILL AENDA MAHAKAMANI

Katika mji wa Austin, Texas, yuko Bwana Michael Cargill, mwenye duka la bunduki. Yeye alikuwa na vitako viwili. Hakuvificha. Alivikabidhi serikalini kama alivyoamriwa, kisha akaishtaki serikali, akisema idara haina mamlaka ya kutunga sheria. Alishindwa mahakamani mara ya kwanza, akakata rufaa. Mwezi Januari mwaka 2023 mahakama ya rufani ya New Orleans ikampa haki. Serikali nayo ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu kabisa.

Tarehe 14 Juni 2024 majaji wakatoa hukumu: sita upande wa Cargill, watatu upande wa serikali. Jaji Clarence Thomas aliandika kwa ajili ya wale sita. Sheria, alieleza, yasema bombomu ni silaha itoayo risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatulio. Kwa kitako cha kuteleza, kifyatulio chaguswa upya kwa kila risasi, ingawa ni upesi mno. Kwa hiyo si bombomu, na idara ilipita mpaka wake.

Jaji Sonia Sotomayor, kwa niaba ya wale watatu, alikataa. Alitoa mfano wa bata: akimwona ndege atembeaye kama bata, aogeleaye kama bata na kulia kama bata, yeye humwita bata. Kwake yeye mpigaji akivuta kifyatulio mara moja na kusukuma bunduki mbele, risasi zamiminika, basi hiyo ni bombomu.

Jaji Samuel Alito, mmoja wa wale sita, aliongeza neno la kufaa. Alisema hapana shaka Bunge lililotunga sheria ile ya zamani lingaliona kitako hiki na bombomu kuwa hali moja. Lakini kazi ya jaji ni kusoma yaliyoandikwa. Dawa ipo: Bunge na lirekebishe sheria. Siku chache baadaye, mwezi uleule wa Juni, mswada wa namna hiyo uliletwa katika Seneti, ukazuiwa. Majimbo yaliyokuwa na sheria zao wenyewe, kama Nevada ulimotokea msiba, yalibaki nazo, maana hukumu ile haikuzigusa.

JE, ALIYETII ALIDANGANYIKA?

Sasa tumefika penye kiini cha habari. Mfikirini baba mmoja wa familia aliyekuwa na kitako, akasikia amri, akakikata vipande akavitupa. Alipoteza dola zake mia tatu. Jirani yake alikifunga katika gunia akakaa kimya. Miaka mitano ikapita. Mahakama ikasema amri ile haikuwa na msingi. Jirani akafungua gunia akacheka. Ni nani mwenye akili katika hao wawili?

Wengi watasema: yule wa gunia. Nasi tukisema hivyo mbele ya watoto wetu, tumekwisha kuwafundisha somo baya kuliko yote, yaani kwamba sheria ni ya wapumbavu, na mwerevu hungoja mpaka ibadilike.

Lakini yafaa kutazama kwa makini. Wakati wa amri, makaburi ya Las Vegas yalikuwa bado mapya. Baba yule hakukata plastiki kwa sababu ya woga tu. Alijua kifaa kile hakikumletea nyama nyumbani wala hakikulinda watoto wake. Alijua kilichofanyika kwa kifaa cha namna ileile. Hata mahakama iliposema idara haikuwa na mamlaka, haikusema kwamba kitako ni kitu chema. Dhamiri ya baba yule haikumpotezea kitu. Dola mia tatu zilikwenda, usingizi ulibaki.

Tena uko mfano wa tatu, nao ni wa Bwana Cargill. Iwe twakubaliana na hoja yake au hatukubaliani, njia yake yataka heshima: alitii kwanza, kisha akalalamika mahali palipo halali, mchana, kwa jina lake. Hakuficha wala hakupigana. Raia aonaye kwamba amri si ya haki anayo njia, nayo ni hiyo.

Hata hivyo lawama haiwaangukii raia peke yao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya kweli ina mambo manne: iwe agizo la akili, ielekee faida ya watu wote, itoke kwake aliye na jukumu la jamii ile, tena itangazwe watu waijue. Tuipime amri ya Marekani kwa kipimo hiki. Ilikuwa ya akili? Wengi waliona hivyo. Ilielekea faida ya wote? Ndiyo. Ilitangazwa? Ndiyo. Lakini lile jambo la tatu ndilo lililopungua: Bunge, lenye jukumu, lilikwepa kazi, likawaachia maofisa, nao wakanyosha neno la sheria ya zamani mpaka likakatika. Nia njema ilijengwa juu ya mchanga, ikaanguka.

WENGINE WALIFANYAJE?

Ziko nchi zilizojaribu kazi kama hii kwa njia nyingine. Nchini Australia, tarehe 28 Aprili 1996, mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur. Serikali kuu na majimbo wakapatana kukataza bunduki nyingi zijipakiazo zenyewe. Watu wote wakatozwa nyongeza ndogo ya kodi, na kwa fedha ile serikali ikanunua silaha zilizokatazwa. Karibu bunduki 650,000 zilitolewa, zikasagwa.

Nchini New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, Waislamu 51 waliuawa na mtu mmoja aliyewashambulia katika misikiti miwili ya Christchurch, wakiwa katika sala ya Ijumaa. Kabla mwezi haujapita, Bunge lilikuwa limepitisha sheria kwa kura 119, aliyekataa akiwa mmoja tu. Watu wakapewa muda mpaka tarehe 20 Desemba, na fidia kwa bunduki na kwa vipande vyake pia. Zilipatikana bunduki zaidi ya 56,000, na vipande vya kufungia na vifaa vyake zaidi ya 188,000.

Hata huko si zote zilizoletwa. New Zealand nayo haikuwa na daftari la bunduki hizo, kwa hiyo haikujua zilizobaki ni ngapi. Daftari lilianza mwaka 2023. Lakini tofauti yaonekana. Penye Bunge lililosema waziwazi, penye malipo, penye muda na mahali pa kupeleka, watu walikuja wakapanga foleni. Penye amri tupu, watu walifunga milango.

SOMO KWA NYUMBA ZETU

Kanisa hufundisha kwamba wenye kutawala wana haki, na zaidi ya haki, wana wajibu wa kusimamia utengenezaji na uuzaji wa silaha, kwa ajili ya usalama wa wote. Hufundisha pia kwamba kuitii serikali katika mambo ya haki ni sehemu ya amri ya nne, kama vile kulinda uhai wa jirani ni amri ya tano. Amri hizo mbili hukutana mahali pamoja katika habari hii: mtu huacha kitu chake, kwa kuagizwa na mtawala, ili jirani yake aishi.

Wazee wa kijiji na wajumbe wa kamati wanaweza kujifunza kitu hapa. Mkitaka kukataza jambo ambalo watu wamekwisha kulizoea na kulilipia, iwe ni wavu wa kuvulia, iwe ni pombe ya namna fulani, iwe ni mbuzi kuachiwa bila kufungwa, msianze kwa fimbo. Kwanza hakikisheni kwamba neno hilo ni lenu kulisema. Kama ni la mkutano wote, uiteni mkutano. Elezeni sababu mpaka aliye nyuma kabisa asikie. Pimeni hasara ya mtu maskini, mmsaidie. Toeni muda. Na mkilisema, msiligeuze mwezi ujao, kwa maana watu wakisikia maneno mawili kutoka kinywa kimoja, hawataliamini la tatu.

Nanyi akina baba na akina mama, hakuna askari atakayekaa chini ya kitanda cha kila mtu kutazama kilichofichwa. Amri yo yote, ya Bunge au ya kijiji, mwisho wake hufika mlangoni pa nyumba, na hapo askari wake wa mwisho ni dhamiri. Dhamiri haifundishwi siku ya amri kutangazwa. Hufundishwa miaka mingi kabla, mtoto anapomwona baba yake akirudisha chenji iliyozidi dukani, na mama yake akilipa mchango wa shule ingawa karani amesahau kumwandika. Mtoto wa nyumba ile, akikua, atajua la kufanya na kitu kilichokatazwa, hata kama hakuna aonaye.

Tuwaombee marehemu wa Las Vegas, wa Parkland, wa Port Arthur na wa Christchurch, wawe wa dini yo yote, Mwenyezi Mungu awajalie raha ya milele. Tena tuwaombee watungao sheria kila nchi, wasione haya kufanya kazi waliyopewa.